Toazi la Mzee Sifael

Elisifa huchomelea mageti pale Bomang'ombe, na ukimpelekea kazi mbovu atakwambia ni mbovu, hata uwe mchungaji wake. Watu humpendea hilohilo.

Siku moja alifika Mzee Sifael kutoka Mwika, mpiga matoazi wa bendi ya tarumbeta ya usharika. Toazi moja alikuwa amelifunga kwenye kanga ya mkewe. Mke huyo, Aikande, ambaye mzee alimwita Mama Elifuraha, alikuwa anazikwa kesho yake. Majirani walipokuwa wakihamisha vitu kuwapisha wageni wa msiba, toazi lilidondoka sakafuni likapasuka ukingoni. Sasa likigongwa, linakoroma.

"Shikamoo, mzee. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nichomelee hapa. Miaka yote aliniambia kelele zangu zinamkaushia ng'ombe wake maziwa. Kesho lazima anisikie mara ya mwisho."

"Hili halichomelewi, mzee. Moto utalipasua zaidi. Linakatwa."

Mzee alimtazama kama aliyeambiwa mgonjwa atatibiwa kwa panga.

Elisifa akaupaka ufa mafuta ya taa, akafuta, akanyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yakalowesha chaki, na ufa ukajianika wote: ulikwenda mbali kuliko macho yalivyoona. Akatoboa kitundu mwishoni mwake ili usizidi kutambaa, ndipo akawasha grainda. Anakata kidogo, anamwagia maji, anangoja. Mikono ile inayokata vyuma vya mageti kwa fujo ilikwenda taratibu kama inamnyoa mtoto mchanga. Kipande chenye ufa kikadondoka. Akapiga msasa kingo.

"Ligonge, mzee, tusikie."

"Hapana. Nitaligonga mbele yake kwanza."

Basi kesho yake Elisifa akapanda Mwika, roho mkononi. Toazi hakuwahi kulikata maishani mwake, na hilo hakumwambia mtu.

Kaburini, katikati ya migomba ya nyumbani kwa mzee, tarumbeta zilipanda. Mzee akainua mikono. Matoazi yakakutana, na sauti ikatoka, nzito kidogo kuliko ya zamani, lakini safi, ikateremka mpaka korongoni. Palepale ng'ombe wa marehemu akalia bandani, kilio kirefu cha kulalamika.

Mzee akaliinamia jeneza. "Umemsikia ng'ombe wako, Mama Elifuraha? Ameanza kulalamika badala yako."

Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka, na mzee akagonga matoazi tena.