Moshi wa Mlimani na Chumba cha Intaneti

Juzi nilikuwa kwenye chumba cha intaneti pale Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu, nikingoja zamu yangu kwenye benchi. Akaingia ofisa wa wilaya, mwavuli unachuruzika.

"Zima kompyuta zote mpaka utakapoambiwa. Ni suala la usalama."

Mwenye chumba, mzee mwenye kofia ya kufuma, akauliza taratibu, "Usalama gani, bosi?"

"Humu kunasambazwa uvumi kwamba Mlima Rungwe umeanza kutoa moshi."

Sote tuligeukia dirishani. Ukungu mtupu, kama siku zote. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia habari hiyo.

"Na wewe bosi umeisikia wapi?"

Ofisa akafuta miwani. "Msibani, Masukulu."

Nesi mmoja, mgeni kutoka Kigoma, akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Shikamoo. Barua pepe ya kaka yangu ndiyo kwanza inafunguka. Mama yetu amelazwa."

"Utaisoma hali ikitulia." Swichi ikazimwa.

Sibishi, serikali ina wajibu wa kuzuia taharuki. Ila huku kwetu msiba hukaliwa siku kadhaa, watu hawakai kimya, na msibani hakuna swichi. Nilipofika Msasani, nayo ya hapa hapa Tukuyu, mama anayeuza mahindi ya kuchoma akaniuliza, "Tata, umesikia huo moshi?" Kwake yeye, mlima ulishaanza kutoa na cheche.

Basi habari ya moshi imefika kila nyumba. Iliyozuiwa ni ya mama yake nesi.