Jino Alilong'olewa Esperansi

Tuliondoka kwetu Mururu, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, kwa sababu homa ya dada yangu Esperansi ilikataa kuisha. Tangu utotoni ana ugonjwa wa moyo: vidonda vya koo visivyotibiwa vizuri, kisha viungo kuvimba, mwishowe valvu, kile kilango cha damu ndani ya moyo, kuharibika. Hata hivyo alikuwa akivuka mpaka wa Rusizi I kwenda kuuza sambaza, visamaki vya ziwani, huko Bukavu, Kongo, mji tulikozaliwa. Mwezi mmoja kabla ya safari, jino lilimtesa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mtu wa mtaani anayeng'oa meno. Habari ya moyo sikuitaja. Homa ilipoanza, tulinunua dawa za malaria dukani, mara mbili. Akakonda, akawa anaamka shuka zimelowa jasho. Hatimaye daktari wa wilaya alisikiliza kifua chake, akaagiza apelekwe Kigali.

Saa mbili asubuhi gari la wagonjwa liliondoka Kamembe, mji wa karibu. Esperansi alilazwa kwenye machela. Mimi nilikaa kando yake pamoja na muuguzi, Maman Beata, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

Katika msitu wa Nyungwe ukungu ulifunika barabara, na dereva akapunguza mwendo. Kila kona ilinichosha kama vile ni mimi niliyekuwa nikilisukuma gari. Esperansi alisinzia. Maman Beata akafungua karatasi zake.

"Papa," akaniuliza, "dada yako alipasuliwa siku hizi? Ama alitosha jino, aling'olewa?"

"Hapana," nikajibu.

Akaandika. Nikaangalia miti. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona aibu mbele ya kalamu. Kuanzia hapo hadi mji wa Huye sikufumba macho, ingawa sikuwa nimelala siku tatu.

Alasiri tukafika Kigali. Hospitali ilijaa watu waliokaa kimya wakingoja. Daktari alikuwa kijana aliyekulia Goma, akatusemesha Kiswahili. Alisoma karatasi ya Maman Beata, akamwangalia Esperansi vidole, akasikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Hakuna jino lililong'olewa?"

Nikamsogelea. "Liko, dokta. Mimi nilimpeleka. Na huko njiani nilidanganya."

Hakunikaripia. Aliagiza damu ichukuliwe upesi kabla ya dawa yoyote, kisha akanieleza. Wadudu wa mdomoni waliingia kwenye damu kupitia kidonda cha jino, wakajibandika kwenye valvu iliyokwisha kuumia. Mtu mwenye moyo wa namna hiyo huenda akahitaji dawa kabla ya kung'olewa jino, ndiyo maana lazima aseme.

"Kwa kusema sasa, umetusaidia kujua tutafute nini," alisema.

Esperansi alikuwa macho. Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya wagonjwa wengine.

"Yaya, kaka yangu mkubwa, na mimi niko na kinywa," akasema taratibu. "Mbona sikusema? Lete maji."

Tulikaa wiki sita. Dawa iliingia kwenye mshipa usiku na mchana. Mimi nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake na kufua nguo zake bombani. Wiki ya pili homa ilishuka. Wiki ya nne aliomba sambaza, nami nikacheka hadi machozi yakanitoka. Lakini kipimo cha mwisho kilionyesha kwamba valvu imelegea zaidi. Daktari alisema atahitaji upasuaji. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wanaongoja.

Tulirudi kwa basi, siku nzima. Wilaya yetu ya Rusizi ilitupokea kwa mvua. Kwenye mteremko wa Mururu Esperansi alisimama mara nne kupumua, nami nikasimama naye.

Dada yangu habebi tena ndoo ya samaki. Mwenzake wa biashara ndiye anayevuka mpaka, yeye anakaa nyumbani akianika samaki. Mimi nimejifunza kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba aibu yangu ingeweza kumzika. Wiki iliyopita tulikwenda kituo cha afya kwa sindano yake ya kila mwezi ya kuulinda moyo. Muuguzi mgeni alimwuliza jina.

"Ngoja kwanza," Esperansi akamwambia. "Niko muntu wa ugonjwa wa moyo. Andika hiyo. Jina nitakupa nyuma ya hiyo."