Shamba la Wifi, Mizabibu Yangu

Jamani, nimejificha jikoni kwangu mwenyewe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko sebuleni anasubiri ugali na mlenda. Ametoka kuniambia sasa hivi kwamba shamba lake la Mvumi amepata mtu wa kulinunua.

Shamba ni lake, sawa. Lakini mizabibu yote iliyomo nimeipanda mimi, nimeimwagilia miaka mitatu. Mwaka huu ndiyo imeanza kuzaa vizuri!

Nikamuuliza, "Na mizabibu yangu, wifi?"

"Si uing'oe tu, uende nayo."

Uing'oe! Kama mihogo!

Nikapandisha sauti: "Tulikubaliana tugawane mavuno!"

"Tulikubaliana wapi?" Akacheka. "Ndugu wanaandikishana?"

Hapo nikakimbilia huku jikoni. Maana mwanzoni kabisa yeye ndiye aliyekuja na karatasi na kalamu, akataka tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Wifi, ndugu wanaandikishana? Kwani tunaachana?" Karatasi yenyewe nikawafungia watoto karanga.

Leo kanirudishia maneno yangu yote, na kile kicheko changu juu.

Nimempigia mume wangu. Kasema, "Hayo ni yenu wanawake."

Nyie mliosoma, nishaurini haraka. Mizabibu nikiing'oa inakufa. Wifi nikimfokea, ndoa inayumba.

Huyo ananiita, anauliza kama mlenda umeiva.

Nimeitika, "Abee wifi, naleta." Tena kwa sauti tamu.