Mahindi Yaliyoshuka kwa Somoe

Siku ile ya upepo tulikuwamo ndani watu wanne, na kila mmoja nakumbuka alipokuwa. Mama yangu, Mwanaidi, alikuwa kwenye mafiga. Bibi Mtitu, mzaa baba, alikuwa kitandani, maana miguu ilimvimba. Mdogo wangu Saidi alikuwa mgongoni mwangu, nami Hadija nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota tena. Chini yetu, kwenye mteremko, ilikuwa nyumba ya Somoe, shoga yake Mama, aliyeingia naye unyagoni, na bintiye Asha, mwenzangu wa kuteka maji. Baba, Selemani, hakuwapo. Alikwenda kukata mkonge upande wa Lindi, kama wanaume wengi enzi zile za Mwingereza. Mwingine ni Mzee Yohana, Mkristo wa kilima cha pili, fundi wa kuezeka, naye ni mtani wetu kwa upande wa Baba, mwenye ruhusa ya kututukana tusikasirike. Hao ndio watu wa habari hii.

Kwetu ni kwenye vilima vya Umatumbi, ukiiacha Kinjumbi na bahari nyuma yako ukapanda mpaka magoti yakuume. Nyumba zetu zilikaa juu ya mteremko, moja juu ya nyingine, hata ukimwaga maji uani kwako yanapita uani kwa jirani. Nyumba yetu ilinuka masizi. Juu ya mafiga palikuwa na dari la mianzi, na humo Mama alipanga mahindi na maganda yake, moshi ukayapiga mchana kutwa mpaka yakawa meusi, wadudu wasiyaguse. Miezi ile ya mvua kubwa, mahindi mapya bado mabichi shambani na ya zamani yamekwisha, ndiyo ilikuwa miezi ya njaa. Watu walikula majani na mizizi. Wenye kitu darini walipika mlango umefungwa.

Somoe alikuja asubuhi, ungo kwapani, ameufunika kwa kanga ili wa njiani wasijue anakwenda kuomba. Hakukaa. "Shoga," alisema, "Asha amelala na mboga tupu jana na juzi. Nipe chochote, nitarudisha tukivuna." Mama alichukua chungu kilichooshwa, akakiinamisha mbele yake aone ndani. "Hata sisi hivyo hivyo, mwenzangu. Tunamngoja Baba Hadija alete chochote." Mimi nikatazama juu, darini. Sikukusudia, macho ya mtoto huenda kwenye chakula. Mama akanifinya mgongoni, chini ya mbeleko ya Saidi, Somoe asione. Bibi Mtitu akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Somoe akasema, "Haya, Mungu yupo," akashuka na ungo wake. Sijui kama aliniona. Mama hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa na mgonjwa ndani, na mume asiyejulikana kama atarudi.

Mchana mbingu ikageuka rangi ya jivu bichi. Radi ya milimani haipigi mara moja ikanyamaza. Inapiga, halafu kila kilima kinaitikia, mpaka hujui imetoka wapi. Mama aligeuza kioo kikatazama ukuta, akanivua kitambaa chekundu kichwani, kwa kuwa kwetu nyekundu huita radi. Saidi alilia, nikamshusha nikamziba masikio. Kisha upepo ukapanda kutoka bondeni. Paa la nyasi halikung'oka kwa kishindo kama ninavyosikia wengine wakisimulia. Liliinuka polepole upande mmoja, kama mtu anayefunua kawa atazame chakula kilicho chini yake. Halafu likaondoka lote. Dari likapasuka, na mahindi yakaanza kuanguka, mbele yetu, kitandani kwa Bibi, nje mlangoni, na maji yakayabeba kuteremka. Nilisimama kwenye mvua nikayatazama yakibingirika, meusi kwa masizi, yakiingia moja kwa moja uani kwa Somoe.

Mvua ilipopungua alipanda Somoe na Asha, wamebeba tenga. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kutupa pole. Somoe akalitua tenga mbele ya Mama. "Shoga, mali yako ilishuka kwangu," alisema, sauti ile ile ya kila siku. Nilimtazama Asha. Midomo yake ilikuwa imekauka, na katika tenga lile hapakuwa na hindi hata moja lililopunguzwa punje. Kila mtu aliyaona yale masizi, na kila mtu alijua mahindi hayapati masizi kwa siku moja.

Kwetu upepo ukikuezua watu huja kukuezekea, wewe kazi yako ni kuwapikia. Kesho yake walikuja na nyasi na kamba. Mama akatwanga yale yale mahindi, kinu uani, mbele ya macho yote. Mzee Yohana alikuwa juu ya paa. Siku zote mtani yule hakutuacha salama. Angalicheka hata nyasi zetu. Siku ile alifunga kamba kimya. Mama alikuwa akimtupia jicho, nami nilielewa kwamba anamwomba amtukane.

Ugali ukaletwa, Mama akamtengea Somoe wa kwanza. "Nimeshiba, shoga," akasema Somoe. Ameshiba, mwezi ule! Watu wakaacha mikono hewani. Hapo Yohana akapiga kelele kutoka juu: "Mama Hadija! Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga mahindi! Tazama, yameota mabawa, yamekwenda kwa jirani yenyewe, hayakungoja ruhusa yako, mchoyo wee!" Uwanja mzima ukacheka. Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Somoe naye akacheka, akaziba mdomo kwa kanga, akanyoosha mkono. Akakata tonge moja, bila mboga, akalimeza, akanawa. Asha alikula mpaka akalegea. Baada ya siku ile Somoe na Mama waliamkiana vizuri na kuzikana wakazikana, lakini Somoe hakupanda tena kuomba. Hata kaa la moto alikwenda kuliomba kilima cha pili.

Sasa nakaa Kinjumbi kwa mjukuu wangu, chini ya bati, na juu yetu pamepigwa dari la mbao limepakwa rangi nyeupe. Mvua ikija inapiga bati hatusikizani. Hakuna upepo utakaoonyesha majirani tulicho nacho, na sisi hatujui wao wamelala na nini. Mlango ukifungwa umefungwa. Wajukuu wanasema ndiyo raha. Mimi radi ikipiga hutazama juu, kama siku ile, na mgongo hunichoma pale pale nilipofinywa. Kusoma nilisoma chuo cha Kurani tu, juzuu chache, na haya ameniandikia mjukuu. Kama yupo wa ukoo wa Somoe, au Asha mwenyewe bado yu hai, na mmeona nimekosea, msinionee haya. Majina sidhani kama nimekosea. Lakini lile tonge, kama yalikuwa mawili, kama alirudisha mkono siniani mimi nikiwa nimeinamisha uso, njooni mniambie. Ningependa sana kuwa nimekosea.