Dole Gumba la Baba

Nimebeba karatasi nyingi katika maisha yangu ya kuhamahama: pasi za kusafiria, vyeti vya chanjo, vibali vya kuishi katika miji ambayo sasa nakumbuka stesheni zake tu. Nyingi zilipatikana kwa asubuhi moja ya kusubiri kwenye benchi. Ya kwanza kabisa ilichukua karibu wiki mbili, na siku hizo nazikumbuka kuliko miji yenyewe.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nafundisha kwa muda katika shule ya misheni karibu na Shinyanga, ilipofika barua kutoka chuo kimoja cha ufundi nchini India. Nafasi ya kujifunza mitambo ilikuwapo, nauli juu yao. Walitaka nakala za vyeti vyangu zilizothibitishwa na serikali, pamoja na kiapo cha kuzaliwa kilichotiwa sahihi na mzazi mbele ya mkuu wa wilaya. Vyote vigongwe mhuri bomani, vipelekwe Dar es Salaam vikatiwe mhuri mwingine wa serikali kuu, kisha vifike chuoni kabla ya mwisho wa Juni. Vikichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Nakala hazikuwa na shida. Karani wa boma, mtu wa Tabora wa makamo, mvaa kanzu na kofia nyeupe, alizichapa kwa mashine polepole, kisha akanisomea kila neno nami nikifuatia kwa kidole kwenye cheti halisi, mpaka nukta. Alipogundua amekosea tarakimu moja hakuifuta. Alichana ukurasa mzima akaanza upya. Nilimpenda tangu hapo.

Shida ilikuwa kiapo. Sisi wa umri wangu hatukuandikwa popote tulipozaliwa. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa Geita, mgodini. Nikampelekea habari kwa dereva wa lori. Akaja na ruhusa ya wiki mbili, ya kwanza aliyoiomba tangu aanze kazi, amepitia Kharumwa akipanda lori hili na kushuka lile, vipande vingine kwa miguu. Asubuhi yake tukaenda bomani.

"Shikamoo, mzee wangu," karani akamwambia. "Kijana huyu kazaliwa lini?"

"Marahaba. Mwaka wa nzige, palizi ya pili ya mtama."

"Basi tuandike tarehe moja Januari. Ndivyo tunavyowaandika wote."

"Januari hiyo hapakuwa na palizi ya pili. Mvua zilichelewa."

"Mzee wangu, Wahindi hawajui palizi."

"Mimi naijua."

Karani akacheka, akaandika kwamba nilizaliwa katika mwezi wa Februari au karibu yake. Akamsogezea baba kidau cha wino ili abonyeze dole gumba mahali pa sahihi, kwa kuwa baba hakujua kuandika. Alama iliyotoka ilikuwa doa jeusi, nyororo kama mbegu ya ukwaju. Wakajaribu dole la kushoto. Wakajaribu vidole vyote kumi kwenye karatasi ya kutupa, na yakawa madoa kumi.

Baba alifanya kazi katika banda la kuponda mawe ya kupimwa dhahabu. Aliyatwanga kwa kinu cha chuma, akauchekecha unga wake, akausugua kwa vidole ili pasibaki chenga. Kazi hiyo ya miaka kumi na moja ilikuwa imemla ncha za vidole hadi hapakuwa na mstari hata mmoja. Mwenyewe hakuwa amejua. Alivigeuza vidole kwenye mwanga wa dirisha.

"Kumbe hata hapa wamechimba," akasema.

Karani hakucheka safari hii. Alisema aliwahi kupeleka kiapo chenye doa kama lile, kikarudi baada ya miezi mitatu kwa sababu alama haikusomeka. Tukiwa na bahati hiyo, Juni ingetupita. Mimi nikamnong'oneza baba kwamba jioni moja ingetosha kumfundisha kuandika jina lake.

Baba akamuuliza karani, "Mtu akiandika jina, karatasi inasemaje hapo chini?"

"Inasema anajua kusoma na kuandika, na ameisoma mwenyewe."

"Basi sijui. Nije kuapa ukweli halafu nianze na uongo?"

Nilikasirika, nakiri. Karani akafunga kidau. "Ngozi huota tena, mzee wangu. Nimewaona waashi. Nenda ukapumzike. Usishike jiwe, usishike jembe, paka mafuta. Rudi Jumatatu ya wiki ijayo."

Nyumbani kwetu ni mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na mwenye nyumba ile alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alisikiliza habari yote amesimama. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha samli, akamkalisha mdogo wake kwenye kigoda na kumpaka mikono mpaka kwenye viwiko. Kuanzia hapo baba akaitwa mwali.

"Mwangaluka! Mwali wenu ametoka ndani?" majirani walitusalimu na kuuliza asubuhi wakipita kwenda shambani.

"Bado!" shangazi aliwajibu. "Harusi Jumatatu. Leteni ng'ombe."

Sijawahi kumwona mtu akiteseka kwa kupumzika kama yeye. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliilaza magotini, viganja juu, kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni amshike kidogo. Kukamua hakuruhusiwa. Ugali ulisubiriwa upoe kwanza. Wanaume wenzake walipita na majembe begani, naye akawapungia vidole vinavyong'aa samli, wakacheka, akacheka nao.

Siku ya sita aliniita. "Ng'wanawane, mwanangu, njoo utazame. Macho yangu ya karibu hayaoni."

Nikaligeuzia dole lake juani. Pembeni kulikuwa na mistari myembamba, kama ya kitambaa kipya.

"Ipo?"

"Ipo, baba. Upande mmoja."

Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba anasokota kamba ya katani kwenye paja. Ndama alikuwa amekata ya kwake, na mikono ya baba ilikuwa imeanza kazi kabla hajafikiri. Shangazi alifika mbio akamnyang'anya.

"Kwa hiyo ndama ndiye aende India?"

"Nilisokota kidogo tu, dada."

"Kidogo! Lete hapa!" Akamwosha kama mtoto, akampaka tena. Tangu hapo baba alikalia mikono yake kila ndama alipolia.

Jumatatu karani alimsafisha vidole mwenyewe, kimoja kimoja, kwa pamba iliyolowa spiriti. Akajaribu kwanza kwenye karatasi ya kutupa, akakandamiza mno, ikatoka doa.

"Usinibane, bwana karani," baba akasema. "Niache mwenyewe."

Akaligusa dole kwenye wino, akaliviringisha juu ya kiapo kwa wepesi wa mtu aliyezoea kushika unga usiotakiwa kumwagika. Alipoliinua, mistari ilikuwa pale, duara ndani ya duara, imekatwa sehemu moja na kovu la zamani. Karani alimwita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alitaka kujua kama mzee ameelewa alichoapa. Baba akakisema chote kwa Kisukuma bila kuangalia popote, Februari na yote, karani akitafsiri. Kiapo kikatiwa sahihi, kikagongwa mhuri. Alasiri hiyo hiyo baba alipanda lori la kurudi Geita, kwa kuwa siku zake za ruhusa zilikuwa zinaisha.

Karatasi zilipita Dar es Salaam bila neno, na wiki ya pili ya Juni zikafika. Nami nikafuata baadaye. Siku ya kuandikishwa chuoni, mwandishi alifungua jalada langu, akatazama mihuri, akageuza ukurasa. Dole lile hakulitupia jicho. Nilimwomba anirudishie ukurasa ule kidogo.

Niliitazama mistari yote mpaka kwenye kovu. Kwa hesabu yangu baba alikuwa ameshakuwa kwenye kinu miezi mitatu, na mkononi mwake mistari hiyo haikuwapo tena.

"Kuna kosa?" mwandishi akauliza.

Nikamwambia hakuna.