Wimbo wa Ng'ombe Uliomwingiza Bibi Harusi

Saa tatu asubuhi, jua la Burat, karibu na mji wa Isiolo, limeshaanza kugombana na watu. Rahab Wanjiru anaburuta spika ndefu kumpita yeye mwenyewe, anaisimamisha kwenye kona ya hema la wanawake, kisha anaifunika mgongo kwa leso. Mgongoni kuna maandishi mekundu ambayo sabuni zote zimeshindwa kuyatoa: YESU NI BWANA. Aliinunua kutoka kwa kanisa lililokuwa linabadilisha mitambo yake, na harusi ya leo ni ya Waislamu.

"Toa hiyo leso, Mama Sheila," mama mmoja anayepanga mito anamwambia Rahab. "Spika pia inasikia joto."

Hema linaangua kicheko. Hapa Isiolo wanamjua. Ni Mkikuyu wa Karatina anayepiga nyimbo za Kiborana harusini, na lugha yenyewe haelewi zaidi ya salamu.

Amepataje kazi hiyo? Hema la wanawake haliingii mwanamume. Bibi harusi na wenzake wakishavua mitandio ili wacheze, fundi wa kiume hubaki nje akilinda jenereta. Na mafundi wote wa mitambo mjini walikuwa wanaume. Rahab alifika mwaka 2013, ofisi za kaunti zilipoanza kujengwa, akawapikia wajenzi. Kibanda chake cha githeri kilipobomolewa mara ya pili, aliliona pengo hilo kabla ya wengine.

"Waliniambia lugha sijui," anasema. "Nikawaambia, lugha sijui, lakini kuwa mwanamke najua."

Mwalimu wake alikuwa Batula, Mborana jirani yake katika ploti moja ya mtaa wa Bulla Pesa. Batula alimweleza wimbo upi ni wa kumsifu mama mzazi, upi wa kumkejeli bwana harusi. Majina ya nyimbo yalikataa kukaa kichwani, basi Rahab akazibatiza upya kwa jinsi zilivyomgusa sikio: Mvua ya Mabati, Kijiko, Shemeji Amekasirika. Mwishowe ikabidi Batula ndiye ajifunze lugha ya Rahab.

Wimbo mmoja tu hakuuliza. Aliukuta kwenye memori kadi aliyoachiwa na Dida, dalali wa mifugo, alipomletea redio yake aichaji kwa jenereta. Ulikuwa wa sauti za wanaume pekee, bila ala. Mmoja anaita, wengine wanaitika, na katikati maji yanamwagika. Rahab alikuwa anafua, na mikono ikasimama ndani ya povu.

"Nililia, na siku hiyo sikuwa na shida yoyote," anakumbuka. "Nikajua tu ni kijana anaita mpenzi wake. Hayo maji nilidhani anaoga ndio aende kwao msichana."

Akauweka akiba, kama mtu anavyoficha nguo ya sikukuu.

Mwaka 2017 familia ya Mzee Kanchoro ilimwita. Ilikuwa harusi yake ya kwanza kubwa, na spika zake mbili ndizo zilizokuwa zinamsomesha bintiye Sheila. Luke, fundi mwenzake wa mitambo, alimtania kwamba siku atakapowawekea watu wimbo wa matanga, atarudi Karatina kwa miguu. Utani ulikuwa na mfupa ndani. Akiharibu harusi ile, ni mama gani tena Isiolo angempigia simu?

Bibi harusi akaingia. Rahab akatoa akiba yake.

Shangazi mmoja akajiziba mdomo, wasichana wakatazamana. Batula akaja mbio kutoka nyuma, akamnong'oneza: "Mama Sheila, umefanya nini? Hii ni ya kunywesha ng'ombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Ni wimbo wa wanaume waliojipanga ndani ya kisima kirefu, wakipokezana ndoo mkono kwa mkono na kumwita ng'ombe birikani: njoo, mwenye pembe za kupendeza, wenzako wameshakunywa, sasa ni zamu yako.

Mkono wa Rahab ulikwenda kuzima. Hakuwahi. Nyanya wa bibi harusi, ambaye wote walimwita Akko, yaani bibi, alikuwa ameinuka na kutupa mkongojo wake kwenye mkeka. Akainama, akapokea ndoo isiyokuwepo, akampa aliyemfuata.

"Kwani ng'ombe ni tusi?" aliuliza. "Huyu msichana amekunywa ng'ombe, amesoma ng'ombe, leo amevaa ng'ombe. Wacha aitwe vile ng'ombe anaitwa."

Wanawake wakajipanga mstari. Ndoo ya hewa ikapita mikono yote hadi kwa bibi harusi, naye akakinga viganja, akanywa. Vigelegele vilisikika mpaka kwa wanaume, na inasemekana Mzee Kanchoro aliutambua wimbo, akauliza nani ameleta mifugo.

Tangu hapo unaitwa wimbo wa Mama Sheila. Kila Jumamosi Rahab ana hema, na harusi moja humwachia kama shilingi elfu nane baada ya jenereta kunywa yake. Luke sasa humkodishia nyaya.

"Nilikuwa naisikia vibaya," Rahab anasema, na kidevu kinapanda juu kidogo. "Lakini nililia sawa."

Mwezi Desemba Sheila, ambaye sasa ni muuguzi, anaolewa huko Karatina. Mama ameshaamua ni wimbo gani utakaomwingiza. Sheila amelalamika kwamba ataingiaje mbele ya wakwe na wimbo wa ng'ombe. Rahab amemjibu kwamba wakwe hawajui Kiborana, na yeye hana haraka ya kuwafundisha. Batula atasafiri naye ili awapange akina mama mstari.

"Mimi nitasimama wa mwisho," Rahab anasema. "Ndoo ya Sheila itatoka kwa mkono wangu."

Anamgeukia Batula, aliyepiga magoti akikaza waya. "Na wakikuuliza maana, waambie ni wimbo wa mapenzi."

Batula hainui kichwa. "Kwani si ya mapenzi?"

Nje, gari la bibi harusi limesimama. Rahab anabonyeza, na maji yanaanza kumwagika.