Chuma Nilichokitoa Mwenyewe

Usiku ule nililala na hasira zangu, maana oda ya madawati ilikuwa imechelewa na mume wangu, Baba Neema, alikuwa amenuna. Mimi naye tuna karakana ya mbao hapa Mafinga. Jioni mimi ndiye ninayeitegesha mashine ya msumeno. Alfajiri yeye anawasha tu na kupasua, hakagui, ananiamini. Jioni ile nilikuwa nimekitoa kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno, kinachozuia ubao mbichi usiubane msumeno na kurushwa kwa anayepasua. Kilinisumbua wakati wa kuchonga mifereji kwenye mbao. Nikasema nitakirudisha. Sikukirudisha.

Usingizini akaja Mwalimu Sanga, marehemu, aliyenifundisha ufundi. Yeye aliuawa na ubao kwenye karakana ya watu. Msumeno uliurusha nyuma, ubao ukamwingia tumboni. Alikuja nao vilevile, umetokeza mgongoni, damu imemganda mpaka kwenye viatu. Damu sikuiogopa, Mungu shahidi. Niliogopa alivyonikasirikia.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Tupo karakanani, mara tupo jikoni kwangu, na msumeno unazunguka katikati ya meza ya chakula. Mwalimu anasukuma ubao mbichi. Unaubana msumeno. Unaruka na kumpiga, anaanguka, nazisikia mbavu zikivunjika kama kuni. Anainuka, anaweka mwingine. Unampiga tena. Nalia, namvuta shati, linachanika mkononi.

"Mwalimu, basi, inatosha."

Ananikamata kisogo, ananiinamisha mpaka meno ya msumeno yananipulizia upepo machoni.

"Asubuhi nani anasimama hapa?"

"Baba Neema."

Akaniachia. Ubao ukaruka kwa mara ya mwisho, na aliyeanguka sasa hakuwa yeye. Alikuwa mume wangu, mdomo wazi, vumbi la mbao limejaa ndani.

Niliamka napiga kelele. Kumeshapambazuka, na upande wake wa kitanda umepoa. Nikampigia simu. Ikaita, ikaita, akapokea, na nyuma ya sauti yake mashine inanguruma.

"Zima, Baba Neema. Chuma cha nyuma nilikitoa mimi."

Nikasikia mngurumo ukipungua, ukipungua, mpaka kimya.

"Ubao ulikuwa umeshaanza kuubana msumeno," akasema.